Mto wa bandia unaoliza watu wazima

HEBU kumbuka, msomaji, bembea ya kwanza uliyopanda ukiwa mtoto. Pengine ilikuwa ile ya mbao iliyosukumwa kwa mikono katika uwanja wa Makadara, Mombasa, siku ya Idi. Pengine ilikuwa ya chuma, iliyoletwa kwenye maonyesho ya kilimo, nawe ukapanga foleni huku umefumbata sarafu zako mpaka zikaloa jasho. Ilizunguka kwa dakika chache tu, lakini hadi leo wakumbuka rangi yake, mlio wake na mkono wa mzazi uliokudaka uliposhuka ukipepesuka.

Sasa tuseme umerudi uwanjani hapo ukiwa na mtoto wako mwenyewe. Bembea ile haipo. Mahali pake pana nyingine mpya, yenye taa za kumetameta. Mtoto wako anaruka kwa furaha. Wewe waangaza macho huku na huku ukitafuta nguzo fulani, ngazi fulani, kibanda fulani cha tikiti. Huwezi kulalamika, kwani hiyo mpya ni salama na inapendeza. Hata hivyo moyo unakuuma, kana kwamba kuna mtu aliyeingia nyumbani kwenu mkiwa hampo akahamisha vitu.

Uchungu wa namna hiyo ndio uliowapata Wamarekani wengi mnamo Januari 2021, wakati kampuni ya Disney ilipotangaza kwamba itaifanyia mabadiliko safari yake ya mashua iitwayo Jungle Cruise, iliyo katika bustani ya burudani ya Disneyland. Watu wazima, wenye kazi na watoto, walihuzunika kana kwamba wamefiwa.

Huenda ukauliza, hayo ya Marekani yanatuhusu nini sisi? Yanatuhusu sana. Mto ule uko California, lakini aliyeubuni alitazama mito ya huku kwetu. Na baadhi ya sanamu za watu zilizosimamishwa kwenye kingo zake zilikusudiwa kuwa mimi na wewe.

MICHUNGWA KICHWA CHINI

Disneyland ilifunguliwa Julai 17, 1955 mjini Anaheim, mahali palipokuwa na mashamba ya michungwa. Mwenyewe, Walt Disney, alikuwa tayari amejizolea sifa kwa sinema za vibonzo. Lakini wakati huo alikuwa pia akitoa filamu za wanyama wa porini. Mojawapo ni The African Lion, iliyotoka mwaka huo huo wa 1955. Picha zake zilipigwa na mtu na mkewe, Alfred na Elma Milotte, ambao walikaa mbugani kwa muda mrefu wakiwavizia simba kwa kamera.

Disney alitaka watu wa Marekani wapande mashua na kupita mtoni huku wakiwaona wanyama kwa macho yao. Nia yake ya kwanza ilikuwa kuweka wanyama hai. Wataalamu wakamtahadharisha kwamba mnyama hai hana habari na ratiba ya mtu. Mchana hulala au hujificha, na mgeni aliyelipa pesa zake angeambulia kuona majani tu. Basi ikaamuliwa kwamba viboko, mamba na ndovu watengenezwe kwa mitambo, ili wafumbue vinywa na kutikisa masikio kila mashua ipitapo.

Kazi ya kuubuni mto huo alipewa Harper Goff. Bwana huyu alikuwa amevutiwa mno na filamu The African Queen ya mwaka 1951, ambamo Humphrey Bogart na Katharine Hepburn wanateremka mto kwa mashua kuukuu ya mvuke, katika Afrika Mashariki ya Wajerumani wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza. Sehemu kubwa ya filamu hiyo ilipigwa Uganda na Kongo. Ndiyo kusema, mashua za Disneyland zina nasaba ya upande huu. Hata majina ya baadhi yake yanatangaza hivyo, kwani kuna Congo Queen, Nile Princess na Zambezi Miss.

Mto ulichimbwa, lakini msitu haukuwepo. Mtaalamu wa bustani, Bill Evans, alitafuta miti kila pembe, mingine akiiokoa mahali palipokuwa pakipitishwa barabara kuu. Miti ilipopungua alifanya jambo la kuchekesha. Alichukua michungwa ya shamba lile, akaipanda kichwa chini miguu juu, mizizi ikabaki hewani kama matawi ya mti wa ajabu. Mgeni aliyepita kwa mashua aliamini kwamba ameona msitu wa mbali, kumbe ameona mchungwa wa Anaheim uliopinduliwa.

Maji nayo yalitiwa rangi yasionekane ndani. Sababu ni kwamba chini yake kumefichwa reli, na mashua hufuata reli hiyo. Nahodha husokota usukani kwa mbwembwe, lakini usukani ule ni wa maonyesho tu. Anaweza kuongeza au kupunguza mwendo, lakini njia alikwisha pangiwa.

Kumbuka reli hiyo, msomaji, kwa sababu tutairudia.

KILA KIZAZI NA MTO WAKE

Safari nzima huchukua dakika zisizotimia kumi. Katika dakika hizo mgeni hupitishwa kwenye mito ya Asia, Afrika na Amerika ya Kusini, kana kwamba dunia yote ni mtaa mmoja. Ni kitu kidogo mno. Lakini mtu akikipanda akiwa na umri wa miaka sita, amekaa kati ya baba na mama, hakitoki moyoni.

Jambo ambalo wengi husahau ni kwamba mto huo haukukaa hata mara moja bila kuguswa. Aliyeupanda mwaka 1955 aliona mashua nyeupe, safi, zenye turubai la mistari kama peremende. Nahodha wakati huo alizungumza kwa makini kama mwalimu wa jiografia, akieleza tabia za wanyama na majina ya mito.

Lakini watu walianza kuzoea. Inasimuliwa kwamba Walt Disney mwenyewe alimsikia mama mmoja akiwaambia wanawe kwamba hawana haja ya kupanda tena, kwa vile wamekwisha kuiona. Maneno hayo yalimchoma. Akamwita mchoraji wake hodari, Marc Davis, aongeze mambo ya kuchekesha. Mnamo 1962 likaongezwa bwawa la ndovu wa Kihindi wanaooga na kurushiana maji kwa mikonga. Mnamo 1964 zikaongezwa mbuga ya Kiafrika na nguzo ambayo watu wa msafara wameiparamia kumkimbia kifaru. Manahodha nao wakaacha ualimu wakawa wachekeshaji.

Mzaha unaopendwa kuliko yote unahusu maporomoko ya maji. Mashua hupita nyuma ya maporomoko hayo, na nahodha huwatangazia abiria kwa sauti ya mshangao kwamba sasa wanaliona ajabu la dunia, yaani upande wa nyuma wa maji. Abiria huguna, kisha hucheka. Kuna waliousikia mzaha huo wakiwa watoto na leo wanawaleta wajukuu wao wausikie.

Halafu ukaja mwaka 1995. Disneyland ilikuwa ikijenga mahali pa burudani mpya ya Indiana Jones, iliyofunguliwa Machi mwaka huo, na nafasi ikawa haba. Mto ukapindishwa ili kuipisha. Kituo cha kuabiria mashua kikajengwa upya, mara hii kikawa jumba la mbao la ghorofa mbili, mfano wa kituo cha wakoloni cha miaka ya 1930, na muziki wa zama hizo ukawa unasikika humo. Foleni ikazungushwa ndani, ngazi kwa ngazi. Turubai zile za mistari nazo zikatoweka. Mashua zikapakwa rangi za kuonyesha uchakavu na kutu, zifanane na ile mashua kuukuu ya sinema.

Wenye kukumbuka turubai za mistari walisononeka. Waliuliza kwa nini kitu kilichokuwa safi kichafuliwe kwa makusudi. Lakini tazama mambo ya dunia yalivyo. Jumba hilo lililojengwa likiwa jipya na kupakwa uzee wa uongo, sasa limepata uzee wa kweli. Limetimiza miaka zaidi ya thelathini. Aliyekuwa mtoto mwaka 1995 leo ni mtu mzima, na kwake yeye jumba hilo ndilo Jungle Cruise halisi. Ukimwambia kwamba wakati fulani halikuwepo, atakutazama kama unayemwambia kwamba Mlima Kenya uliletwa juzi.

Kisha Desemba 2018, kando ya mto huo huo, kikafunguliwa kibanda cha vinywaji na vitafunio kiitwacho Tropical Hideaway. Hapo napo wapo waliosikitika, na bila shaka wapo watoto ambao siku moja watakililia kibanda hicho kikiondolewa.

Ndivyo ilivyo, msomaji. Kila mtu huhesabu ule mto aliouona kwanza kuwa ndio mto. Yaliyokuja baadaye huyaita uharibifu, na yaliyotangulia hayajui. Walt Disney aliyajua hayo. Alipokuwa hai alisema mara kadhaa kwamba bustani yake haitamalizika kamwe, kwa maana itakuwa ikiongezwa na kubadilishwa siku zote. Alifariki Desemba 1966, na waliomfuata wakaendelea kubomoa na kujenga.

Basi, ikiwa mto umebadilishwa mara nyingi hivyo, kwa nini mabadiliko ya 2021 yalizua kelele kuliko yale ya 1995? Jibu ni kwamba 1995 waligusa mbao na rangi. Mwaka 2021 waligusa watu.

WALIOSIMAMA UKINGONI

Hapo awali sikukutajia kila kitu kilichokuwa mtoni. Mbali na ndovu na viboko, kulikuwa na sanamu za watu. Kulikuwa na wenyeji weusi wenye mikuki, wakicheza ngoma kijijini na kuwavizia abiria. Kwenye nguzo ile ya kifaru, mzungu mmoja na wapagazi wake weusi walining'inia kwa hofu. Na mwisho wa safari alisimama mtu aliyeitwa Trader Sam, mkata vichwa, aliyekuwa akiwauzia abiria vichwa vya binadamu vilivyokaushwa.

Sasa hebu tuilinganishe miaka.

Mwaka huo wa 1955, abiria wa kwanza walipokuwa wakiingia mashuani kule Anaheim, Kenya ilikuwa chini ya sheria za Hali ya Hatari zilizotangazwa Oktoba 1952. Maelfu ya watu walikuwa kizuizini. Katika sehemu za Kati, familia zilikuwa zimeondolewa makwao na kusongamanishwa katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki na vigingi vilivyochongoka. Dedan Kimathi alikuwa bado yuko katika msitu wa Nyandarua. Hakutiwa mbaroni hadi Oktoba 1956. Huo ndio uliokuwa msitu wa Afrika wakati huo, na Mwafrika aliyekuwa ndani yake alikuwa na jina, na jambo alilokuwa akilipigania. Katika msitu wa California, Mwafrika alikuwa akitikisa mkuki kutwa kucha, kila mashua ipitapo.

Kenya ikapata Uhuru Desemba 1963, na Desemba 12, 1964 ikawa Jamhuri. Katika mwaka huo huo wa 1964, mtoni Anaheim, ndipo wapagazi weusi walipopandishwa kwenye nguzo ya kifaru ili watu wacheke.

Hakuna haja ya kusema kwamba aliyewachora alikuwa na chuki. Alikuwa msanii aliyetumwa kuchekesha, na alichekesha. Lakini wahenga walisema mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Mtoto wa Kimarekani ambaye hakuwahi kukutana na Mwafrika alishuka mashuani akiwa na picha ya Mwafrika kichwani. Picha hiyo hakuipata kwa mwalimu wala kitabuni. Aliipata katika siku ya furaha kuliko zote za utoto wake, akiwa amekaa kati ya baba na mama. Picha iliyoingia kwa njia hiyo ni vigumu kuitoa.

Ndiyo sababu Disney ilipotangaza mabadiliko ilieleza kwamba inataka kuondoa yale yanayowadhalilisha wenyeji. Mto ukafunguliwa tena Julai 16, 2021. Wacheza ngoma wenye mikuki hawapo tena. Trader Sam amekwenda zake, na mahali pake pamewekwa duka la vitu vilivyopotea na kuokotwa. Nguzo ya kifaru bado ipo, na kifaru yuko pale pale chini, lakini wanaoiparamia sasa ni wasafiri wa mataifa mbalimbali, wote wakiwa na hofu sawa. Mashua moja imeonyeshwa ikiwa imevunjika na kuvamiwa na sokwe, wanaochezea mizigo ya abiria.

Kadhalika wameongeza mhusika aitwaye Alberta Falls, mwenye kampuni ya mashua. Jina hilo limetokana na mzaha wa zamani. Maporomoko ya mto huo huitwa Schweitzer Falls, kwa jina la Daktari Albert Schweitzer, aliyekuwa na hospitali Lambarene, nchini Gabon. Kwa vile neno la Kiingereza la maporomoko laweza pia kuwa jina la ukoo, manahodha walizoea kutania kwamba yameitwa hivyo kwa heshima ya Daktari Albert Falls. Basi daktari huyo wa mzaha akapewa mjukuu.

UCHUNGU WA PANDE MBILI

Wapo waliosema kwamba Disney imeua utoto wao. Walisema vitu vya kale viachwe kama vilivyo, kwamba mzaha ni mzaha, na kwamba usiache mbachao kwa msala upitao.

Tusiwacheke watu hao. Uchungu wao ni wa kweli. Mtu aliyepanda mashua ile na baba yake, na baba huyo sasa ni marehemu, hana njia nyingine ya kukaa naye tena ila kukaa kwenye benchi lile lile, mtoni mule mule, na kuusikia mzaha ule ule. Jengo huweza kuhifadhi sauti ya mtu aliyekufa. Likibomolewa, sauti nayo hufifia. Wewe na mimi twajua hayo. Tumeona sinema za zamani zikigeuzwa kuwa maduka na stesheni za reli zikiachwa kuota majani, nasi tukahisi kwamba tumeibiwa.

Lakini waulize swali moja tu. Wewe unayeililia mashua ya zamani, ulikuwa umekaa upande gani?

Maana mto ule ulikuwa na pande mbili. Kulikuwa na mashua, na kulikuwa na ukingo. Aliyekaa mashuani alicheka, akapunga mkono, akaenda zake kula aiskrimu. Aliyewekwa ukingoni hakushuka. Alibaki pale usiku na mchana, mvua na jua, miaka zaidi ya sitini, amevikwa manyoya na kushikishwa mkuki. Tena mtoto mweusi wa Marekani aliyeletwa Disneyland na wazazi wake alikuwa pande zote mbili kwa wakati mmoja. Mwili wake ulikuwa mashuani, na sura yake ilikuwa ukingoni. Yeye anakumbuka nini? Huenda anakumbuka jinsi baba yake alivyonyamaza ghafla mashua ilipokata kona.

Hapo ndipo ile reli inapotukumbusha jambo. Nahodha husokota usukani akidhani, au akijifanya, kwamba anaongoza. Lakini njia ilipangwa na mtu mwingine, zamani, chini ya maji yaliyotiwa rangi. Kumbukumbu zetu nyingi ni hivyo hivyo. Twadhani tumejichagulia wenyewe kitu cha kukipenda, kumbe kuna aliyekwisha kuamua tutazame wapi, tucheke wapi na tuogope nani.

Jambo la kutia moyo ni kwamba mto haukufa kwa kutolewa zile sanamu. Ndovu bado wanaoga. Mashua bado hupita nyuma ya maporomoko, na nahodha bado hutangaza ajabu la upande wa nyuma wa maji. Aliyetaka kusikia tena kicheko cha baba yake anaweza kukisikia. Alichonyang'anywa ni mzaha mmoja tu, uliokuwa ukilipiwa na mtu mwingine.

LAMU ILIYO FLORIDA

Kuna mkia wa kisa hiki ambao ni lazima nikupe kabla hatujaagana.

Unakumbuka kwamba Walt Disney alitaka wanyama hai akashauriwa aache. Ndoto hiyo ilikuja kutimizwa zaidi ya miaka thelathini baada ya kifo chake. Aprili 22, 1998 kampuni yake ilifungua bustani nyingine kubwa, Animal Kingdom, katika jimbo la Florida. Humo mna safari ya magari iitwayo Kilimanjaro Safaris, yenye twiga, ndovu na simba wa kweli. Na ili ufike kwenye magari hayo, ni lazima upite katika kijiji kiitwacho Harambe.

Waliokijenga walikuja Afrika Mashariki kutazama, na mji waliouchukua kama kielelezo ni Lamu. Kuna kuta nyeupe zilizobabuka, milango ya kunakshiwa, ngome, na maandishi ya Kiswahili. Kuna mkahawa uitwao Tusker House, kuna Dawa Bar, na mahali pa vinywaji panapoitwa Tamu Tamu. Mkenya akipita hapo hawezi kujizuia kutabasamu.

Ni hatua kubwa. Katika mto wa 1955 Mwafrika alipewa mkuki na manyoya. Katika kijiji cha 1998 amepewa nyumba, mlango, lugha na biashara.

Lakini tazama kwa makini zile kuta. Plasta ilibanduliwa makusudi, siku ya ujenzi. Nyufa zilichorwa na mafundi. Rangi ilipauka kabla jua halijaipiga. Ni ule ule ustadi uliotumika kwenye jumba la mashua la 1995, wa kujenga kitu kipya na kukipa uzee. Wageni hupita hapo wakahisi kwamba wamekumbuka mahali ambapo hawajawahi kufika.

Lamu yenyewe, mji wa kale ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, ipo hapa hapa kwetu. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na dari zake ni za boriti za mikoko. Nyufa zake hazikuchorwa na mtu. Zikiachwa bila chokaa na fundi anayeijua kazi yake, nyumba huanguka, na ikianguka hakuna kampuni itakayoisimamisha tena kabla ya wageni wa kesho asubuhi. Ndani ya nyumba hizo watu huzaliwa, huoa na huzikwa. Hakuna aliyewekwa barazani kwa ajili ya mashua ipitayo.

Yasikitisha kwamba wapo miongoni mwetu ambao watasafiri hadi Florida, wapige picha mbele ya mlango wa Kiswahili, na hawajawahi kukanyaga Lamu. Na wapo watakaougua moyo kwa ajili ya turubai la mistari la California ilhali hawajui ni nani aliyeijenga nyumba ya babu yao, au ilibomolewa mwaka gani.

Basi, msomaji, Jumapili hii ukiwa umepumzika, fanya jambo moja. Toa albamu ya picha za zamani ukae na watoto. Waonyeshe ile bembea, lile jengo, ule uwanja ambao sasa una ghorofa. Waambie ulikuwa na furaha gani, na usione haya machozi yakikulengalenga. Kisha itazame tena picha hiyo, mara hii si watu walio katikati wakitabasamu, bali walio pembeni. Ni nani yule anayesukuma bembea kwa mikono? Ni nani yule aliyesimama nyuma ya ua, ambaye hakuwa na sarafu ya kuingilia?

Watoto watakuuliza jina lake. Jitahidi ulikumbuke.